BARUA YA KARANI: Mbona Chanjo Ile Ilitengenezwa Upesi?



Jumapili iliyopita, baada ya Misa, mama mmoja wa hapa Bukundi alinifuata ofisini. Shuleni wametangaza kwamba wasichana watachomwa sindano ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, naye anaye binti wa miaka kumi. Akaniuliza, "Karani, wewe umesoma chuo cha ualimu. Hii si ndugu yake ile ya Korona, iliyotengenezwa upesi upesi?" Watu walikuwa wakingoja kuandikisha ubatizo, nikamjibu neno moja tu mlangoni. Halikumtosha, nami naona haya. Basi namjibu hapa.

Mama, swali lako si la kijinga. Korona ilitangazwa kuwa tauni ya dunia nzima tarehe 11 Machi 2020. Tarehe 8 Desemba mwaka ule ule, bibi wa miaka 90 alichanjwa katika mji wa Coventry, Uingereza. Miezi tisa! Ndio muda wa ng'ombe kubeba mimba hata kuzaa.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa ya zamani. Bibi Katalin Karikó na Bwana Drew Weissman walitangaza mwaka 2005 uvumbuzi uliokuja kuwezesha chanjo ya Pfizer. Mwaka 2023 wakapewa tuzo ya Nobel. Na ile ya Janssen, iliyotangulia kufika kwetu, njia yake ilikwisha kutumika katika chanjo ya Ebola kwa jirani zetu wa Goma, Novemba 2019, kabla dunia haijasikia habari za Korona. Wataalamu huchukua kirusi cha mafua, wakakiondolea nguvu ya kuzaana, wakakipakia kipande cha habari za adui. Ni kama kumnusisha mbwa ngozi ya fisi, ili fisi mwenyewe akija usiku mbwa amjue.

Kilichoharakishwa hasa ni fedha na foleni. Serikali kubwa zililipia viwanda kabla ya kujua kama dawa itafaa, ingeshindwa, ingemwagwa. Majaribio hayakuachwa: ya Janssen ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 40,000. Na kwa kuwa ugonjwa ulijaa kila mahali, jibu lilionekana mapema.

Wala sikufichi. Janssen iliwaletea watu wachache sana damu kuganda vibaya. Aprili 2021 Marekani waliisimamisha siku kumi, wakaichunguza, wakairudisha pamoja na onyo. Tena aliyechanjwa aliweza kuugua, ila kwa kawaida si ugonjwa wa kumlaza kitandani.

Sisi tulichelewa. Machi 2021 Padre Charles Kitima, Katibu wa Baraza la Maaskofu, alisema kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista 60 wamefariki katika miezi miwili, wenye shida ya kupumua. Wakati huo nchi yetu haikuwa na chanjo hiyo hata moja. Dozi 1,058,400 zilifika tarehe 24 Julai 2021, na tarehe 28 Rais Samia akachanjwa mbele ya watu.

Na mimi niliyesoma? Nilisema nitakwenda nikimaliza kuuza pamba. Kisha nikasema wiki ijayo. Mjomba wangu alikuwa akinitazama. "Karani mwenyewe hajaenda," aliwaambia wazee wenzake, "mimi nikafuate nini?" Tulimzika Januari. Nilimwandika kwa mkono wangu katika kitabu cha marehemu. Hakupimwa, kwa hiyo sisemi ni Korona. Nasema tu kwamba alikuwa akinitazama.

Sasa ile ya binti yako. Haikuzaliwa na Korona hata kidogo: ilianza kutumika duniani mwaka 2006, na hapa Tanzania Aprili 2018, kwa wasichana wa miaka 14. Tangu mwaka 2024 ni sindano moja tu, kwa wenye miaka 9 hata 14. Nayo saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii.

Njoo Jumamosi asubuhi, mama, ofisi haina watu. Na baba yake uje naye, maana nasikia yeye ndiye anayekataa.