Giaboksi peke yake haitoshi

Wenye Toyota Carina za otomatiki wanaotaka gia za mkono hukimbilia giaboksi ya Corolla. Wazo si baya. Carina AT192 na Corolla AE100 zote zilitolewa na injini ya 5A-FE ya cc 1,498, na giaboksi za mkono za jamii ya C50 huifaa injini hiyo.

Hesabu huharibika baada ya kununua. Giaboksi hiyo inadai flaiwili, klachi pleti, presha pleti, pedali na pampu ya klachi, nyaya za gia, na pengine shafti za magurudumu. Tena uwiano wa difu hutofautiana hata kwa giaboksi za jamii moja. Ukikosea, injini hulia mno barabara kuu na petroli huisha upesi.

Maoni yetu: wauza vipuri wanaokata magari wauze seti nzima kwa bei moja. Faida ya kuuza kipande kimoja kimoja ni ya siku moja. Mteja aliyekwama gereji harudi. Nawe mnunuzi, hesabu vipande vyote kwanza, ndipo upatane bei. Cha rahisi huwa ghali.