Sifa za Mtoto Zianzie Nyumbani

Ndugu zangu wa Ulaya hii yetu ya Kilosa, na nyinyi majirani zetu wa Kilosa mjini na Mikumi, naomba tuzungumzie jambo ambalo kwenye vikao vyetu huishia kwa mzee mmoja kusema "simu zimewaharibu vijana", wote tukaitikia, kikao kikafungwa. Simu haifanyi kazi hiyo peke yake. Tupo na sisi tunaotazama, tunaocheka na tunaosambaza.

Siku hizi kijana wa hapa akipata nauli ya kufika Mikumi, jambo la kwanza ni picha. Atasimama kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, ameegemea gari lisilo lake, mkono mmoja juu ya boneti kama mwenye ufunguo mfukoni. Mwenye gari yuko ndani anakula chipsi, hana habari. Picha inapanda mtandaoni na maneno ya kumshukuru Mungu kwa baraka. Tunacheka, lakini hebu tumfuate kijana huyo mpaka usiku. Kila mara anaichomoa simu kuhesabu laiki. Zikiwa chache anaifuta picha, kisha analala amenuna. Asubuhi alikuwa mzima, na hakuna aliyemkosea.

Huenda wiki hiyo hiyo alikuwa kwenye tanuri la mkaa. Huko hakupiga picha, ingawa hapakuwa na la kuonea aibu. Ulaya Mbuyuni ni miongoni mwa vijiji vya Kilosa vilivyoingia katika mradi wa mkaa endelevu, ulioanza mwaka 2012 chini ya mashirika ya misitu, TFCG na MJUMITA. Mpango ule uliigawa sehemu ya msitu wa kijiji kuwa vitalu vya mita 50 kwa 50. Kitalu kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa, na kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24 ili visiki vichipue. Ushuru ulibaki kijijini. Watafiti walifunga safari kuja kulitazama jambo hilo, wakaandika ripoti. Kijana anayejua kwa nini mti wa mkaa haukatwi mpaka chini ana elimu ambayo wengi wa mjini hawana. Sasa ni nani kati yetu aliyewahi kumwambia hivyo? Hakuna. Ndiyo maana ananawa masizi haraka na kwenda kuazima gari la watu kwa ajili ya stetasi itakayodumu saa 24.

Binadamu hujipima kwa wenzake. Mwanasaikolojia wa Marekani, Leon Festinger, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1954, kabla hata ya televisheni kufika huku kwetu. Kilichobadilika ni wenzake hao ni akina nani. Zamani binti wa Ulaya alijipima kwa mabinti wenziwe kisimani na darasani, watu anaowajua wakiwa na usingizi machoni na kanga ya jana. Leo anajipima kwa msanii wa Dar es Salaam mwenye mpiga picha wake, mpambaji wake, na nguo ambazo nyingine anarudisha dukani jioni. Mashindano hayo hayana haki tangu mwanzo.

Serikali yenyewe imewahi kulikubali hilo kwa njia nyingine. Januari 2023, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, na moja ya sababu ilikuwa kwamba watahiniwa hawasomi katika mazingira yanayofanana. Kama si haki kumlinganisha wa Kilosa na wa shule ya bweni ya mamilioni kwa alama za hesabu, mbona tunaona sawa alinganishwe kila usiku kwa sura, viatu na sebule?

Sura ndiyo inayowaumiza mabinti zaidi. Mwaka 2021 nyaraka za ndani za kampuni ya Facebook zilivuja kupitia mfanyakazi wake wa zamani, Frances Haugen. Utafiti wao wenyewe ulionyesha kwamba wasichana 32 kati ya 100 walisema wanapojisikia vibaya kuhusu miili yao, Instagram huwazidishia. Kampuni ilijitetea kwamba wapo pia wengi waliosema inawasaidia, na sina sababu ya kubisha. Lakini huku kwetu jeraha hilo lina dawa yake mbaya, nayo inauzwa kwenye vikopo vidogo: mkorogo wa kujichubua ngozi. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwa miaka mingi, kwa sababu zebaki huharibu figo na haidrokwinoni huweza kuiharibu ngozi yenyewe. Bado vinanunuliwa.

Mama zangu na dada zangu, jaribuni kitu kimoja leo. Fungueni kamera ya mbele ya simu anayotumia binti yenu. Simu nyingi za bei nafuu huja na kilainisha uso kimeshawashwa kiwandani: chunusi zinafutika, pua inapungua, ngozi inang'aa kuliko ilivyo. Binti hakukiwasha yeye. Ameizoea sura hiyo akidhani ndiyo yake, kisha anapojiona kwenye kioo cha nyumbani anashtuka. Kizimeni mbele yake, mpige naye picha mkiwa kama mlivyo, kisha mwambieni amefanana na bibi yake. Kama bibi alikuwa mrembo, msimfiche.

Najua wapo wanaosubiri sheria. Australia imewazuia watoto wa chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa, kuanzia Desemba 10, 2025. Tutaona imewafikisha wapi. Kwetu sidhani kama ingefika mbali, maana nyumba nyingi zina simu janja moja tu, ya baba au ya mama, na mtoto huingia kwa akaunti ya mzazi. Mlinzi wa getini ni mimi na wewe.

Na hapa nataka tusemane kidogo. Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, mtu akijua namba ya mtahiniwa anayasoma kwenye simu yake kabla mwenyewe hajayaona. Baada ya nusu saa ziro ya mtoto wa watu imeshapigwa picha na kuzungushwa kwenye magrupu, na vikatuni vya kucheka chini yake. Anayefanya hivyo mara nyingi si kijana. Ni mtu mzima, mwenye heshima zake, ambaye mtoto huyo humwamkia shikamoo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamkataza mtu kutuma ujumbe wa kumtisha, kumsumbua au kumuumiza mwenzake moyo kwa makusudi, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Nisingependa tufikishane huko. Enyi maadmini wa magrupu ya ukoo, ya kwaya na ya mpira, futeni picha ya namna hiyo inapoingia, na aliyeileta mwambieni kwa jina lake mbele ya wote.

Wazee watanijibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Shikamooni wazee wangu, lakini huyu mgema wetu hajasifiwa hata mara moja. Tunajua kumwita mtoto mbele ya wageni ili atumwe dukani. Hatujui kumwita ili asifiwe kwa shamba la mahindi alilopalilia. Akiikosa sifa hiyo uani ataiomba kwa watu asiowajua, nao wataitoa siku wakijisikia.

Nanyi mnaorudi likizo kutoka Dar na Morogoro, semeni ukweli. Waambieni wadogo zenu kwamba chumba kinalipiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kwamba ile picha ya hotelini mlipiga kazini. Hakuna atakayewadharau.

Mtoto akizidiwa, akaacha kula au akaanza kusema hana faida duniani, apelekwe zahanati au kituo cha afya bila kusubiri. Pia ipo namba ya msaada kwa watoto, 116, haina gharama na hupigwa hata kwa kitochi.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Naomba wenyeviti wetu waliweke jambo hili kwenye ajenda ya mkutano ujao, na vijana wenyewe wapewe nafasi ya kusema kwanza. Tena liwekwe juu kabisa, maana tukifika kwenye Mengineyo, nusu ya watu huwa wameshaondoka.