Gari la haibridi likigoma asubuhi, usikimbilie kununua betri

Wadau, kuna ugonjwa umeingia mjini na unazidi kuenea kadiri hizi Prius na Aqua zinavyoongezeka barabarani. Gari limelala siku nne bila kuguswa. Asubuhi mwenyewe anabonyeza kitufe, taa za onyo zinawaka dashibodi nzima, halafu kimya. Fundi anaitwa, anachungulia, anatikisa kichwa: "Bosi, haibridi imekufa hii." Kuanzia hapo mnazungumza mamilioni.

Mimi nasema hivi: fundi anayekutajia bei ya betri kubwa kabla hajatoa mita mfukoni hajagundua ugonjwa wowote. Amebahatisha, na anayelipia bahati nasibu yenyewe ni wewe.

Tuelewane kwanza maana hapa ndipo wengi tunapopigwa. Gari la haibridi lina betri mbili. Ile kubwa ndiyo inayosukuma mota ya umeme. Kwenye Prius ya 2003 hadi 2009 ina vipande 28 vya volti 7.2 kila kimoja, jumla volti 201.6. Kwenye Aqua ya kwanza, iliyotoka Japani Desemba 2011, ni vipande 20, volti 144. Betri ya pili ni ya volti 12, ndugu yake ile ya gari la kawaida. Hii ndogo haizungushi injini kabisa. Kazi yake ni kuamsha kompyuta za gari na kuvuta relei zinazoruhusu umeme wa ile kubwa utoke.

Sasa basi, betri ndogo ikichoka kwenye gari la kawaida unasikia stata inakokota, unajua moja kwa moja. Kwenye haibridi hakuna stata ya kukokota. Kompyuta zinapata umeme pungufu, zinaanza kuweweseka: mara onyo la breki, mara onyo la mfumo wa haibridi. Mwenye gari akiona hilo la mwisho, moyo unapasuka. Kumbe mgonjwa ni yule mdogo. Kwenye Prius hiyo ya 2003 betri ndogo imefichwa ndani ya buti, na buti lenyewe linafunguka kwa umeme! Betri ikiisha hata kuifikia ni shughuli, ndiyo maana wenyewe waliweka sehemu ya kuunganishia nyaya kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Mafundi wangapi wanakuonyesha hilo?

Rafiki yangu mmoja, mwandishi kama mimi, alibadilishiwa betri ndogo mara tatu ndani ya mwaka kwenye gereji moja hapa mjini. Kila mpya ilidumu wiki chache. Mara ya nne akaambiwa kubwa ndiyo "inanyonya" ndogo. Hiyo ni hadithi ya kitandani. Gari likiwa limezimwa, relei zimeachia, betri kubwa imetengwa na gari lote. Kilichokuwa kinanyonya ni kifaa cha kufuatilia gari alichofungiwa na kampuni ya mikopo, kimeunganishwa kienyeji chini ya dashibodi.

Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Gari lililolala vizuri hunyonya umeme kidogo mno, kwa kawaida chini ya milliampea 50. Kifaa kibovu kikivuta milliampea 300 usiku na mchana, kwa siku zinaondoka ampea-saa 7.2. Betri ndogo ya ampea-saa 35 itakuwa tupu baada ya siku kama tano, na gari litagoma kabla ya hapo. Ukiweka betri mpya unanunua siku tano nyingine. Na betri ya risasi inayoachwa tupu mara kwa mara hupoteza uwezo wake moja kwa moja, kwa hiyo unaiua na hiyo mpya.

Kupima je? Asubuhi kabla ya kugusa chochote, betri ndogo nzima isome karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Washa gari mpaka neno READY litokee, isome kama 14. Ikibaki 12 wakati READY ipo, haichajiwi, na hapo tatizo ni kile kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa ili kuchaji ndogo, maana alternata hakuna. Ikichajiwa vizuri lakini asubuhi imeshuka, ama betri ni mzee ama kuna mnyonyaji. Fundi aweke mita ya ampea kwenye waya wa hasi, funguo ipelekwe mbali, asubiri nusu saa kompyuta zilale, kisha achomoe fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Aanze na vilivyoongezwa baadaye: alamu, redio, kamera. Ni kazi ya saa moja na mita ya bei ya chakula cha mchana cha watu wachache.

Kabla ya hapo jikague na wewe. Unakaa ndani ya gari unasikiliza mpira redioni bila READY? Basi mnyonyaji ni wewe.

Sisemi mafundi ni wezi. Wengi walijifunza kwenye Corolla za kabureta, hakuna aliyewaita darasani magari haya yalipoanza kumiminika. Lakini huruma haijazi volti. Na betri kubwa nazo hufa kweli, hasa kwenye magari yenye miaka kumi na zaidi, na hasa ambako feni ya kuipooza imezibwa na vumbi. Likifika hilo, mashine itasoma msimbo kama P0A80, na fundi anayejua atakuonyesha volti za vipande kimoja kimoja. Kipande chenye seli iliyokufa huwa chini ya wenzake kwa kama volti 1.2. Omba kuziona namba hizo kwa macho yako. Zikiwa zinalingana hata gari likiwa kwenye mlima, mtu asikuuzie kitu. Ila usifungue mwenyewe, nyaya za rangi ya chungwa zinaua.

Na ukishalazimika kununua ile ndogo, angalia inakaa wapi. Kama iko ndani ya buti au chini ya kiti, usikubali betri ya maji isiyo na bomba la kutolea gesi nje, kwa sababu tu ni rahisi na iko dukani. Hiyo gesi ni haidrojeni, na utakuwa umefungiwa nayo humo na watoto.