Droni Iko Fiti Angani, Shida Iko Chini ya Kitanda

Msee wa Kangari, siku hizi ruracio bila droni ni kama haijafanyika. Na kila mtu akiiona anauliza kama iko na kibali cha KCAA, juu sheria za 2020 zinataka isajiliwe. Hapo sawa. Lakini moto hauanzii angani. Unaanzia kejani usiku, betri ikichaji chini ya kitanda na wewe umelala.

Betri za LiPo si kama za tochi. Zikishika moto, unaweza dhani umezima halafu ziwake tena, na keja kibao huku ni za mbao. Septemba 3, 2010, ndege ya mizigo ya UPS ilianguka Dubai baada ya moto kuanzia kwa mzigo wenye betri za lithiamu. Marubani wawili waliaga. Hao walikuwa na vifaa vya kuzima moto. Wewe uko na nini?

So cheki: seli isipite volti 4.2, na utumie chaja inayosawazisha seli zote. Betri ya mAh 2200 ichaji na ampea 2.2. Ikitoka kuruka, ipoe kwanza. Chajia kwa simiti, mbali na godoro na pazia, ukiwa macho. Hauna kazi wiki mbili? Iweke ikiwa na volti 3.8 hivi kwa kila seli, si ikiwa full. Imefura? Usiichaji, usiidunge. Itoe nje ya nyumba.

Najua betri ni doh mob, kuitupa inauma. Lakini keja ya mathe nayo ni bei gani?