Barakoa na Macho Yetu



Sisi tunaofanya kazi wodini tunaijua hali hii. Ikikaribia saa nane mchana macho yanachoma kana kwamba yameingia mchanga, na maandishi katika faili la mgonjwa yanafifia. Ukipepesa, yanaonekana tena. Wengi wetu husema ni usingizi au ni umri. Lakini mara nyingi barakoa nayo inachangia.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipotulazimu kuvaa barakoa zamu nzima, madaktari wa macho katika nchi mbalimbali walianza kuandika juu ya tatizo hili. Jicho hufunikwa na utando mwembamba wa machozi wenye ute, maji, na mafuta yanayozuia maji yasikauke. Barakoa isipokaa vizuri puani, pumzi hupanda na kupuliza macho saa baada ya saa. Machozi hukauka upesi, kama nguo iliyoanikwa penye upepo. Ukivaa miwani nayo ikaingia ukungu kila upumuapo, ujue pumzi inapanda.

Usishangae macho makavu yakitiririka machozi. Jicho likiwashwa hutoa maji mengi, ila hayadumu.

Hatari kubwa ni kufikicha. Mkono uliomgusa mgonjwa hupeleka vijidudu jichoni. Wengine hushusha barakoa chini ya pua wapate nafuu, huku wakimhudumia mgonjwa wa kifua kikuu. Hapo macho yanapumzika, lakini mapafu yanahatarishwa, na watoto wanatungoja nyumbani.

Basi tufanye nini?

1. Tubane waya wa barakoa kwa vidole vya mikono yote miwili hadi ushike pua. Barakoa ya kawaida ya hospitali yaweza kubandikwa plasta laini ukingo wa juu, mradi isivute kope la chini.

2. Tupepese macho mara kwa mara, hasa tunapoandika au kutazama kompyuta. Wakati wa mapumziko, tukae mbali na feni.

3. Jioni, tufumbe macho na kuyawekea kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10. Hulainisha mafuta ya kope.

4. Tumwombe mfamasia matone ya machozi ya bandia. Tusiazimane dawa ya macho. Matone yenye steroidi yakitumiwa ovyo huweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu uoni.

Ukiona maumivu makali, usaha, kuumizwa na mwanga au kutoona vizuri hata baada ya kupepesa, nenda kliniki ya macho siku hiyohiyo.

Akina mama wenzetu, tumezoea kuwatazama wagonjwa na kujisahau wenyewe. Macho haya ndiyo yanayosoma kipimo cha dawa kwenye bomba la sindano. Tukiyatunza, tunamtunza na mgonjwa.