Kifo cha Muuaji Si Sikukuu

Ndugu Muislamu, Peter Sutcliffe, aliyehukumiwa Uingereza mwaka 1981 kwa kuwaua wanawake 13, alikufa Novemba 2020 akiwa mfungwa. Watu walishangilia, wakamtukana maiti. Ya nini? Mtume (S.A.W.) ametukataza jambo hilo, hesabu yake iko kwa Mola wake.

Na waliouawa, nani aliwaheshimu? Baadhi yao waliitwa malaya, kana kwamba damu yao ni maji. Polisi wa West Yorkshire waliomba radhi kwa maneno yao mwezi ule ule wa kifo chake, baada ya miaka takriban 40!

Basi mwenye uchungu na dhulma aache vigelegele, auzuie ulimi wake usimdharau mwanamke aliye hai. Mwenye kudharauliwa ndiye huwindwa kwanza.