Kununua Benzi si Kazi, Kazi Kulitunza

  

Mwezi huu nataka tuzungumzie fedha za wawili wanaopendana. Nimejiuliza sana nianzie nyumba ya nani, nikaona kabla sijaingia kwa watu bora nianzie kwangu. Leo nakuletea kisa cha Benzi letu.

Ilikuwa Jumamosi moja mwaka 2018. Niko uani naanika nguo, nikasikia honi getini. Kwenda kufungua, nakutana na Mercedes-Benz C200 nyeusi, toleo la mwaka 2008, imeoshwa ikaoshika. Nyuma ya usukani kakaa mume wangu, meno yote thelathini na mbili nje. “Mama watoto, panda tukapunge upepo,” akaniambia. Nikapanda na kanga yangu vile vile. Tukaenda hadi Coco Beach, tukanunua mihogo ya kukaanga, tukaila humo humo ndani, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapuliza.

Siku hiyo sikuuliza hela imetoka wapi. Niliuliza kesho yake, na jibu likanikata maini. Sehemu ni mkopo wa kazini kwake. Sehemu nyingine, shilingi milioni 14, ilitoka kwenye akaunti ya kiwanja chetu cha Kigamboni. Akaunti ilikuwa kwa jina lake, lakini hela tulikuwa tunaweka wote, kila mwisho wa mwezi, kwa miaka minne.

Wiki tatu tulilala mzungu wa nne. Salamu ilikuwa ya mbele ya watoto tu.

Na mimi nilikuwa na siri yangu

Sasa ngoja nikuambie jambo ambalo wakati ule sikumwambia. Katikati ya hasira zile, kulikuwa na kitchen party ya binti wa shangazi yangu. Funguo za Benzi zilikuwa mezani. Nilizichukua. Ukumbini, mlinzi ambaye siku zote huniuliza “Dada, unakwenda wapi?” alikimbia kufungua geti, akanipigia saluti na kunitafutia maegesho karibu na mlango. Mashosti wakaanza: “Shoga, umeukata!” Nikacheka kidogo, nikajifanya nimezoea.

Nilirudi nyumbani nikaendelea kununa. Nilikuwa nimenuna juu ya gari ambalo nimetoka kujidai nalo. Wabenzi tuna mambo!

Na hilo neno Wabenzi ni letu sisi watu wa Afrika Mashariki. Lilizaliwa baada ya uhuru, pale wananchi walipoona baadhi ya viongozi na matajiri wapya wanapita na Mercedes huku wenyewe wanatembea kwa miguu. Wakawatungia kabila lao: kuna Wachaga, Wahaya, Wazaramo na Wabenzi. Ndiyo miaka ambayo Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuja na miiko ya viongozi, likawakataza kuwa na mishahara miwili au kupangisha nyumba. Kwa hiyo hapa kwetu gari hili halijawahi kuwa gari tu. Mtu akikuona nalo, kabla hajakusalimia keshajiuliza: huyu kapata wapi?

Mimi swali hilo nilikuwa nalo chumbani kwangu.

Benzi limejengwa na mahari

Nikiwa na hasira huwa nasoma. Katika zile wiki tatu nikaanza kufuatilia habari za hiki kitu kilichomeza kiwanja changu. Nilichokikuta mwanzoni kabisa kilikuwa kisa cha mke na mume.

Karl Benz wa Mannheim, Ujerumani, alikuwa fundi hodari lakini mambo yake ya fedha yalikuwa ovyo. Karakana yake ya kwanza alikuwa na mshirika, na ushirika ukaenda mrama. Aliyemwokoa ni mchumba wake, Bertha Ringer. Kabla hata hawajafunga ndoa, aliomba kwao apewe mapema fungu la mali ambalo binti wa kule hupewa akiolewa, akaliweka lote kwenye karakana ili mshirika alipwe aondoke. Waliooana mwaka 1872. Tarehe 29 Januari 1886 Karl akaomba hataza ya gari lake la matairi matatu, lile linalohesabiwa kuwa ndiyo motokaa ya kwanza. Hataza ikaandikwa jina la mume peke yake. Mwanamke aliyeolewa, kwa sheria za kule enzi zile, hakuwa na nafasi kwenye karatasi ile hata kama hela ni yake.

Gari likawepo, wateja hawapo. Watu waliliogopa, na Karl mwenyewe alikuwa mtu wa kusitasita. Ndipo alfajiri moja ya Agosti 1888 Bertha akawaamsha wanawe wawili wa kiume, wakalisukuma gari nje kimya kimya baba asisikie, wakaondoka kwenda Pforzheim kwa mama yake. Kilomita kama 106, barabara za mikokoteni, gari lenyewe mwendo wake kilomita 16 kwa saa.

Msomaji, yule mama alikuwa dereva na fundi kwa wakati mmoja. Mafuta yalipoisha aliingia duka la dawa katika mji wa Wiesloch akanunua dawa ya kusafishia madoa, maana ndiyo gari lilikuwa linatumia. Duka lile hadi leo linaitwa kituo cha kwanza cha mafuta duniani. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia. Waya ukachubuka, akauviringishia ukanda wa soksi yake. Breki za mbao zikalika, akamtafuta mshona viatu azipigilie ngozi. Kwenye milima watoto walishuka kusukuma.

Jioni walipofika alifanya jambo moja ambalo mimi ndilo lililonigusa kuliko yote. Alimpelekea mumewe simu ya maandishi kumwambia wamefika. Aliondoka kwa siri, lakini siri ile haikulala. Na aliporudi alimweleza kila kasoro aliyoiona njiani. Karl akaongeza gia ya kupandia milima.

Nikafunga nilichokuwa nasoma, nikamwangalia mwenzangu amelala upande wa miguu. Nikasema kimoyomoyo: Bertha alitoa hela mezani, kila mtu anaona. Wewe baba umetoa za wote gizani.

Jina la binti, nyota ya baba

Hilo jina Mercedes lilikuja baadaye, na kwa kampuni nyingine kabisa, ile ya Gottlieb Daimler. Mfanyabiashara mmoja wa Austria aliyekuwa akiishi Nice, Ufaransa, Emil Jellinek, aliagiza magari 36 mwaka 1900 kwa sharti kwamba injini mpya ipewe jina la binti yake, Mercédès, mtoto wa miaka kumi au kumi na moja. Mwaka 1902 jina likasajiliwa kuwa alama ya biashara. Nyota ya ncha tatu ikasajiliwa mwaka 1909, ikimaanisha injini zao za nchi kavu, majini na angani. Kampuni ya Daimler na ile ya Benz zikaungana Juni 1926, ndipo majina yakakaa pamoja: Mercedes-Benz. Ndoa ya watu wazima, kila mmoja kaja na mali yake na jina lake.

Si yote ya kujivunia. Katika Vita Kuu ya Pili viwanda vyake viliendeshwa pia kwa jasho la wafungwa na watu waliolazimishwa kufanya kazi kwa mabavu. Ukilipenda gari, lipende unalijua.

Upande wa ufundi, wamefanya makubwa. Mwaka 1959 walitoa gari ambalo mbele na nyuma hubonyea makusudi ili mtu wa ndani asibonyee. Mwaka 1978 wakaleta breki za ABS kwenye S-Class wakishirikiana na Bosch. Mwaka 1981 wakafuatia na mfuko wa hewa wa dereva. Hayo yote ndiyo unayonunua ukinunua Benzi. Na hayo yote, bibi na bwana, siku yakiharibika yanatengenezwa kwa bei ya Benzi.

Taa ya njano

Mitumba ya Benzi ina mtego wake. Gari likifika umri wa miaka kumi bei yake inashuka hadi mtu wa mshahara wa kawaida anaanza kuota. Lakini spea hazishuki na umri. Gari umelinunua kwa bei ya Toyota, fundi atakutoza kama mtu aliyelinunua jipya Stuttgart.

Sisi tuliligundua hilo mwaka wa pili. Asubuhi ukiliwasha linatoa mlio wa kokoto, kisha linatulia. Taa ya njano ya injini ikawaka. Nikamwambia mwenzangu, akanijibu, “Ni sensa tu, mke wangu.” Miezi mitatu ni sensa tu. Siku moja limetuzimikia Mwenge, saa kumi na mbili jioni, foleni ile unayoijua, watoto nyuma na sare za shule. Makonda wa daladala wanapita wanatuimbia: “Mabosi, vipi, tuwasogeze?”

Fundi alilipima kwa kompyuta, akalifungua. Cheni ya taimingi imelegea. Akatoa kijiti cha oili akatuonyesha: oili nzito, nyeusi kama lami. “Kaka, hii mara ya mwisho umebadilisha lini?” Mume wangu kimya. “Na mlitia oili gani?” Kimya zaidi. Gharama, shilingi milioni 3.8.

Usiku ule ndipo tulipozungumza kwa mara ya kwanza tangu lile gari liingie getini. Nikamuuliza kwa nini hakulipeleka sevisi. Akakaa muda mrefu, kisha akasema: “Ningekuomba vipi hela ya oili ya gari ambalo sikukuomba ruhusa ya kulinunua?”

Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Maneno yakaniishia. Kumbe mwaka mzima mwenzangu alikuwa anaweka oili ya bei rahisi kwa hela ya chakula chake cha mchana, na kuiruka sevisi akikosa, kwa sababu alishindwa kufungua mdomo. Gari halikuwa na kosa, tulilinyima oili yake. Na mimi niliyekuwa nalipanda kwenye sherehe nilikuwa sijawahi kuuliza linakunywa nini. Nikamwambia na habari za kitchen party. Akacheka, mara akafuta macho.

Tulivyofanya

Kuuza lilivyo ingekuwa hasara tupu. Tukakubaliana litengenezwe, libaki, lakini kwa masharti. Nakugawia, huenda yakakufaa wewe unayemezea mate Benzi la mwenzio.

Kwanza, kabla ya kununua, mlipeleke pamoja kwa fundi anayejua magari hayo, alipime kwa kompyuta na kuliwasha likiwa limelala usiku kucha. Injini ya moto huficha mengi.

Pili, bei ya gari ni nusu ya hesabu. Wekeni kando hela ya mwaka wa kwanza: oili na filta, brekipedi, matairi, bushi, bima, na kiasi cha dharura. Kama hamna, hamjafikia kulinunua.

Tatu, oili si oili tu. Kitabu cha gari kinataja namba ya kibali. La kwetu ni 229.5. Hakikisha imeandikwa kwenye dumu. Na spea itafutwe kwa namba ya chesisi, usiende Ilala ukasema “nataka ya C200”.

Nne, kila mwezi tunaweka shilingi 200,000 kwenye kibubu cha gari cha simu, na ujumbe unaingia kwa wote wawili. Akaunti ya kiwanja sasa ina majina mawili na saini mbili.

Yupo dereva wa teksi wa Ugiriki ambaye Benzi lake la mwaka 1976, 240 D, lilitembea kilomita milioni 4.6 kabla halijaenda makumbusho ya Stuttgart mwaka 2004. Watu husema, “Unaona? Benzi halifi.” Hawasemi kwamba yule bwana alikuwa anabadilisha injini kila inapochoka. Halikufa kwa sababu mwenyewe hakuchoka kulihudumia.

Kiwanja tulimaliza kukilipia mwaka 2021, miaka miwili nyuma ya mpango wetu. Ile miaka miwili sijaisahau, na siwezi kusema nimeisahau. Lakini nimeacha kuitaja kila tukigombana.

Juzi fundi alipiga simu kuwa shokapu za mbele zimefika. Alinipigia mimi. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni, hakuuliza ni nani, alisema tu, “Mwambie Jumamosi tunakuja.” Tunakuja. Wingi huo umetugharimu shilingi milioni 14 na nyingine 3.8, na mimi nimeridhika nao.

Na wewe mpenzi msomaji, kuna nini getini kwako ambacho mwenzako hajui kimelipiwaje? Usisubiri taa ya njano. Mwambie leo jioni.